Kuvuta vumbi la mbao na kufunga ethi kwenye karakana ya nyumbani

Mwaka juzi, mwezi wa saba, umeme ulikatika nikiwa ndani nakula. Msumeno nilikuwa nimeuzima kabla ya magharibi, na karakana nimeshaifagia. Nikakumbuka simu imebaki juu ya benchi, nikachukua tochi kuifuata. Nilipofungua mlango na kumulika, mwanga wa tochi ulisimama mbele yangu kama nguzo. Hewa yote ilikuwa vumbi, laini kuliko sembe, linaelea polepole wala halishuki. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita tangu nizime mashine. Na mchana, kwa macho, ungeapa kwamba karakana ile ni safi.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko nyuma ya nyumba hapa Chuno, Mtwara mjini. Chumba cha mita 4 kwa 6, matofali ya saruji, bati juu. Napasua na kuranda mninga, mkongo, misonobari inayoshuka kutoka Mafinga, na mara mojamoja mpingo kwa vishikio vya droo. Usiku ule nilielewa kwa nini kifua kilikuwa kinanibana kila nikimaliza kazi ya mkongo, na kwa nini mpwa wangu ninayemfundisha kazi alikuwa akipiga chafya mpaka machozi.

Huku kwetu vumbi tunalijua. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukifika, hakuna anayehitaji kuelezwa afunge uso. Lakini vumbi la mbao tunalichukulia kama sehemu ya kazi, kama jasho. Siyo hivyo. Mwaka 1995 IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Uingereza wameweka kikomo cha miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Nilipiga hesabu ya chumba changu: mita 4 kwa 6 kwa 3 kwenda juu ni mita za ujazo 72. Zidisha kwa 3, unapata miligramu 216, hazifiki hata robo ya gramu. Hiyo ni chini ya chumvi unayobana kwa vidole viwili. Ikitawanyika hewani, chumba kizima kimefika kikomo.

Maranda yanayoanguka chini hayana neno, utayafagia. Linaloumiza ni lile lisiloonekana.

Anza na ethi ya mashine, si ya bomba

Kila fundi anayenitembelea akiona mabomba yangu huuliza swali moja: "Waya wa shaba umezungusha wa nini?" Wamesikia kwamba bomba la plastiki lisipofungwa waya, karakana italipuka. Nitafika huko. Ila kabla hujanunua hata futi moja ya bomba, kuna waya mwingine unaoamua kama utaiona kesho: waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja.

Kabla sijafunga mfumo huu, siku moja niliegemea meza ya msumeno pekupeku. Sakafu ilikuwa na unyevu, tumetoka kumwagilia ili kuzuia vumbi. Mkono ukaanza kutekenywa, ule mtekenyo wa umeme unaokufanya uurudishe haraka. Fundi umeme alipokuja kufungua soketi, pale panapokaa waya wa ethi palikuwa patupu. Ule waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa mfupi na kusukumiwa nyuma ukutani. Aliyefunga nyumba hapo mwanzo aliona taa zinawaka, akahesabu kazi imekwisha. Miaka yote hiyo plagi zangu za miguu mitatu zilikuwa pambo.

Basi fanya hivi. Chomoa mashine kabisa kwenye umeme. Chukua mita ya kupimia, iweke kwenye ohm, kipimo cha ugumu wa umeme kupita, ncha moja igusishe mguu mrefu wa plagi, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha mashine, pasipo na rangi. Isome karibu na sifuri, isizidi ohm 1. Ikikuonyesha namba kubwa au isionyeshe kitu, waya wa ethi umekatika ndani au haukufungwa. Mashine nyingi za mtumba utakuta zimebadilishwa waya na kuwekewa wa nyuzi mbili; toa, weka wa nyuzi tatu. Angalia pia waya wa kuvuta umeme kutoka ndani ya nyumba. Ukiwa wa nyuzi mbili, hata mashine ikiwa nzima, ethi imeishia njiani.

Upande wa soketi na mein swichi mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Sisemi hivi kwa kukwepa lawama, nasema kwa sababu ya mchanga wetu. Fimbo ya ethi iliyokuwa imepigwa ardhini nyumbani kwangu ilikuwa ya mita 1.2, na mwezi wa kumi ardhi ya Chuno ukichimba urefu huo unatoa mchanga mkavu unaomiminika kama sukari. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi alipima, ikasoma zaidi ya ohm 150. Tukapiga fimbo mbili za mita 2.4, chuma kilichopakwa shaba, zikiachana mita 3, tukaziunganisha. Ikashuka hadi ohm 38.

Sasa sikiliza hapa. Umeme wetu ni volti 230. Ukivuja kwenda kwenye bodi ya msumeno, yaani chuma chake cha nje, ukapita kwenye fimbo ya ohm 38, utakaotembea ni kama ampea 6. Sakiti breka ya msumeno wangu, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, ni ya ampea 20. Ampea 6 haziigusi! Breka itakaa imewaka, na bodi ya mashine itakaa na umeme ikikusubiri. Kwa hiyo fimbo peke yake haitoshi. Lazima kuwe na ile swichi inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe kilichoandikwa herufi T, iliyoandikwa 30 mA, yaani miliampea 30. Yenyewe haingoji ampea nyingi. Ikihisi sehemu ndogo tu ya umeme haikurudi ilikotoka, inakata papo hapo. Kitufe cha T mimi nakibonyeza kila tarehe moja ya mwezi. Isipokata, hakuna kazi siku hiyo mpaka ibadilishwe.

Na watu watakwambia mwaga chumvi kwenye shimo la fimbo. Ni kweli ohm zitashuka, lakini chumvi inakula shaba na klempu zinazoshika waya kwenye fimbo, na upepo wetu wa bahari tayari unazila bila kusaidiwa. Mimi nimeziba klempu kwa grisi na kuzijengea kisanduku kidogo cha matofali chenye mfuniko, na kiangazi namwagia hapo maji ya kuoshea vyombo ya ndani, yasiyo na chumvi.

Feni, pipa na kule hewa inakotokea

Mfumo wenyewe ni vitu vitatu: feni inayovuta, pipa linalotenganisha maranda na hewa, na mabomba. Feni yangu ina mota ya hp 2 (nguvu za farasi 2) ya fezi moja, niliagiza Dar es Salaam. Ina breka yake peke yake, kwa sababu ikiwaka pamoja na msumeno kwenye waya mmoja taa za nyumba nzima zinafifia.

Pipa liweke kabla ya feni. Maranda yakipita kwenye feni kwanza yanagonga mapanga yake, na siku utakapovuta msumari au kipande cha fundo la mkongo utasikia mlio ambao hutausahau. Nimetumia pipa la chuma la lita 200 lililokuwa la mafuta ya kula, nikaliosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu. Usichukue lililowahi kubeba petroli au dawa za shamba. La plastiki linafaa kwa mashine ndogo ya kufyonza, lakini feni kubwa ikiziba njia litabonyea ndani.

Siri iko kwenye mfuniko, na hapa nitakwenda polepole maana ndipo nilipopoteza mbao nyingi. Kata duara mbili za plaiwudi ya milimita 18. Ya juu inafunika pipa. Katikati yake toboa tundu la bomba la kutokea, linalokwenda kwenye feni. Pembeni toboa njia ya kuingilia, na bomba lake liinamie upande, lipulize kufuata ukuta wa pipa, lisielekee katikati. Hewa ikiingia hivyo inazunguka kama maji ya kwenye sufuria unapokoroga uji, na kilicho kizito kinasukumwa ukutani.

Duara ya pili inaning'inia ndani kwa boliti, chini kidogo ya bomba la kuingilia. Ukingo wake unaukata uache uwazi wa milimita 28 hadi 30 kati yake na ukuta wa pipa, lakini uwazi huo uzunguke theluthi mbili tu za duara. Theluthi iliyobaki unaiacha nzima iguse ukuta, na hiyo ndiyo ikae chini ya mahali hewa inapoingilia. Maranda yanazunguka, yanafika penye uwazi, yanadondoka chini, na hewa iliyo chini ya ile duara imetulia, haiyarushi tena juu. Mara ya kwanza nilikata uwazi mzunguko mzima, na nusu ya maranda ikapita ikaenda kwenye feni. Mara ya pili nilikata wa milimita 50, ikawa vilevile. Ya tatu ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Mfuniko ukivuja hewa, umejichosha bure. Nilichana tyubu ya baiskeli kwa urefu, nikaivisha mdomo wa pipa, mfuniko ukakaa juu yake na kubanwa kwa klipu nne. Hakuna gundi iliyonipa matokeo kama ile tyubu.

Halafu swali la hewa inayotoka kwenye feni. Nchi za baridi wanairudisha ndani kupitia mfuko wa kitambaa au chujio, kwa sababu hewa ya ndani wameilipia kuipasha moto. Ndiyo maana mashine nyingi zinauzwa na mfuko. Mifuko ile ya kawaida inakamata maranda na kuachia lile vumbi jembamba, yaani inalichukua vumbi baya kuliko yote na kulipuliza usoni kwako. Sisi hapa hatupashi moto chochote. Vua mfuko, itoe hewa nje kwa bomba. Hili ndilo jambo moja ambalo seremala wa Mtwara ana nafuu kuliko wa Ulaya, na ukilitumia huhitaji chujio la bei kubwa.

Ila nje kuna watu. Bomba langu la kwanza nililitoa ukuta wa kaskazini. Ilikuwa msimu wa kusi, na upande huo bibi jirani alikuwa ameanika makopa juu ya mkeka. Jioni akaniita, "Fundi, hebu njoo uone." Akainua kipande kimoja cha muhogo, akakipangusa kwa kidole gumba, kidole kikawa na unga mwekundu wa mninga. Hakugomba. Nilimlipa makopa yake, na kesho yake nikaziba lile tundu. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Ukuta wa magharibi ndio unaotoa vumbi lisirudi ndani katika misimu yote miwili. Upande huo nina migomba tu. Kabla hujatoboa ukuta, simama nje na ushike uzi mwepesi, uangalie majirani wako wameanika nini na wapi.

Na hewa inayotoka lazima nyingine iingie. Ukifunga mlango na madirisha yote, feni itahangaika. Acha dirisha wazi upande wa mbali na mashine, upepo upite mbele yako ukielekea kwenye bomba.

Mabomba

Bomba kuu nimetumia la inchi 6, matawi ya inchi 4. Ili maranda yasitue njiani, hewa inatakiwa ikimbie kama mita 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo bomba la inchi 4 linapitisha takribani mita za ujazo 580 kwa saa, na la inchi 6 zaidi ya 1,300. Ndiyo sababu mashine ya randa, inayotema maranda kwa ndoo, ikifungiwa bomba la inchi 4 refu inazidiwa. Isogeze karibu na pipa.

Kona kali ni adui. Badala ya elbo moja ya nyuzi 90 tumia mbili za nyuzi 45 zilizoachana kidogo. Tawi liingie kwa umbo la Y likifuata mwelekeo wa hewa, siyo tii. Kila tawi lina kifungo chake, kipande cha plaiwudi kinachoteleza kati ya vipande viwili vyenye matundu. Fungua kimoja tu, kile cha mashine unayotumia.

Kama mfuko unaruhusu, nenda kwa fundi bati akukunjie mabomba ya bati bapa, yenye maungio yanayochomekana kwa kufuata hewa. Bati linapitisha umeme, kwa hiyo suala la umeme tuli, ule unaotokana na msuguano, linakwisha lenyewe ukiunganisha vipande kwa skrubu na kufunga waya mmoja kwenda kwenye bodi ya feni. Mimi nilianza na plastiki kwa sababu yale mabomba ya maji taka yanapatikana kila duka la vifaa.

Sasa ule waya wa shaba

Maranda yanapokimbia ndani ya plastiki yanasuguana nayo na kuacha chaji. Siku kavu za mwezi wa nane, ukipitisha mkono karibu na bomba langu, malaika ya mkono yalikuwa yanasimama. Mpwa wangu aliligusa kwa kiwiko akaruka. "Mjomba, bomba lina umeme!" Lilikuwa nao kweli, ila siyo ule wa soketi. Msimu wa mvua, hewa ikiwa na unyevu wa bahari, halipo hilo. Mafundi wa Newala, kule juu mbali na bahari, nadhani watalipata zaidi yetu.

Je, linaweza kulipua? Ili vumbi la mbao lilipuke lazima liwe wingu zito, takribani gramu 40 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo. Kumbuka kikomo cha afya nilichotaja ni miligramu 3. Tofauti ni zaidi ya mara elfu kumi. Feni ya nyumbani inayovuta hewa nyingi na maranda machache haikai kwenye wingu la namna hiyo. Viwandani, penye mabomba makubwa na vumbi lililolala juu ya kenchi miaka mingi, ni habari nyingine, na huko milipuko imeua watu.

Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo huwezi kuifunga ethi kama chuma. Waya unaondoa chaji pale tu unapogusa, na sentimita chache kando. Bado nimeufunga, kwa sababu mtu akishtuka karibu na diski inayozunguka mkono unaweza kwenda kusikofaa. Hiyo ni sababu tosha.

Nimezungusha waya wa shaba mtupu wa milimita 1.5 kwa nje, mzunguko mmoja kila sentimita 15, kutoka kwenye bodi ya msumeno hadi kwenye pipa la chuma na bodi ya feni. Ndani usiupitishe: maranda marefu ya randa yatauning'inia na bomba litaziba. Penye lile bomba linalokunjika lenye waya ndani yake, chuna plastiki sentimita 5 kila mwisho, utoe waya, uubane kwa skrubu kwenye chuma cha mashine, kwenye rangi iliyokwanguliwa. Mwisho wa waya wote uende kwenye bodi ambayo tayari ina ethi nzuri. Usiupeleke kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, hata siku moja, na usiupigie fimbo yake ya pekee nje, kwa sababu ethi mbili zisizounganishwa zinaweza kuwa na volti tofauti na wewe ukawa daraja.

Moto wa kweli kwenye karakana ndogo unaanzia kwenye pipa. Cheche ya greinda ikivutwa ndani, au msumeno ukikata msumari, kaa dogo linaingia kwenye maranda na kukaa linafukuta kwa saa nyingi, halafu linawaka wewe umelala. Kwangu greinda inatumika nje tu, na feni imezimwa. Pipa linamwagwa kila jioni shimoni, mbali na ukuta. Maranda safi ya msonobari yanachukuliwa na wenye kuku. Ya mkongo na mpingo nayafukia.

Kwa kazi ya msasa, hata na mfumo wote huu, vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana puani. Kitambaa cha kanga kinazuia maranda tu.

Baada ya kumaliza kufunga, nilipasua mbao za mkongo kwa saa mbili, nikazima, nikaacha feni izunguke dakika kumi zaidi. Usiku nikarudi na tochi ileile, mpwa wangu nyuma yangu. Tulimulika kutoka mlangoni. Mwanga ulifika ukuta wa pili, tukaona msumari uliotundikwa msumeno wa mkono na kivuli chake. Juu ya meza ya randa palikuwa na vumbi kidogo linaelea, kwa sababu kofia ya randa inaacha nafasi upande wa kushoto. Kesho yake tuliiziba kwa kipande kilichobaki cha ile tyubu ya baiskeli.